Abubakar Tafawa Balewa: Mwalimu Aliyewaambia Wakubwa Ukweli

Leo tunasimulia maisha ya marehemu Alhaji Sir Abubakar Tafawa Balewa, mwalimu wa shule aliyeingia katika siasa kama mjumbe wa baraza la jimbo na kufikia cheo cha Waziri Mkuu wa kwanza wa Nigeria. Maisha yake yana mazingatio makubwa kwa kila aliyekabidhiwa amana ya kuwasemea wengine.

Alizaliwa mwaka 1912 katika mji wa Tafawa Balewa, nchi ya Bauchi, kaskazini mwa Nigeria. Hakuwa mwana wa mfalme. Baba yake alikuwa mtumishi wa mtawala wa wilaya, na katika zama zile mtoto wa mtumishi hakutarajiwa kupata ukubwa. Lakini elimu ilimfungulia njia. Alisoma katika Chuo cha Katsina, akarejea Bauchi kufundisha, hatimaye akawa mwalimu mkuu. Alikuwa pia mwandishi, na kitabu chake cha Kihausa, Shaihu Umar, kinahadithia mtoto aliyetekwa utumwani hadi Misri na akawa mwanachuoni. Mwaka 1945 alikwenda London kwa masomo zaidi ya ualimu.

Mwaka 1947 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Jimbo la Kaskazini, nalo likamtuma katika baraza kuu mjini Lagos. Hapa yafaa tuzingatie jambo moja. Kiti kile hakukipata kwa kura za wananchi. Alichaguliwa na utawala wa wenyeji wa Bauchi, ambao kilele chake alikuwa Amiri. Kwa hiyo, waliompa kiti ndio waliokuwa na uwezo wa kumnyang'anya.

Pamoja na hayo, mwezi Agosti 1950 alisimama katika baraza la jimbo akatoa hoja ya kutaka tume ichunguze tawala hizo hizo za wenyeji. Alieleza kwamba mamlaka yote yamerundikwa mikononi mwa mtu mmoja, kwamba watumishi hawajui mipaka ya haki na wajibu wao, na kwamba rushwa imeenea kutoka juu hadi chini. Hakutukana mtu wala hakutaka tawala hizo zifutwe, alitaka zitengenezwe. Wakubwa wengi walichukizwa. Hata hivyo, hoja ile haikumwangusha, bali watu walimfahamu kuwa ni msema kweli.

Ngazi zilizofuata alizipanda haraka. Alikuwa Waziri wa Ujenzi mwaka 1952, kisha Waziri wa Uchukuzi mwaka 1954. Kiongozi wa chama chake cha NPC, Sir Ahmadu Bello, alichagua kubaki Waziri Mkuu wa Kaskazini, na Balewa akaongoza serikali ya shirikisho mjini Lagos kuanzia mwaka 1957. Baraza lake la kwanza aliliunda kwa kuwashirikisha hata wapinzani. Huyu ndiye aliyekuwa akitilia shaka umoja wa Nigeria katika miaka ya 1940. Sasa akawa mtetezi wake. Tarehe 1 Oktoba 1960 aliipokea nchi ikiwa huru.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna la kumkumbuka. Baada ya maasi ya wanajeshi wa Tanganyika Januari 1964, serikali yake ilituma kikosi cha askari wa Nigeria kuja kulinda nchi wakati jeshi jipya likiundwa.

Lakini cheo kikubwa huja na mtihani mkubwa. Mwaka 1962, vurugu zilipozuka katika baraza la Jimbo la Magharibi, Balewa alitangaza hali ya hatari dhidi ya serikali ya wapinzani wake. Oktoba 1965 uchaguzi wa jimbo hilo hilo uligubikwa na udanganyifu, watu wakauawa na nyumba zikachomwa moto. Safari hii aliyekuwa madarakani ni mshirika wake, naye hakuchukua hatua kama ile. Kuwaambia ukweli waliokuwa juu yake aliwahi kuweza. Kuwazuia waliokuwa upande wake kulimshinda.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1966 wanajeshi walioasi walimchukua nyumbani kwake Lagos. Siku chache baadaye mwili wake ulikutwa kando ya barabara nje ya mji, akiwa na umri wa miaka 53. Usiku huo huo Ahmadu Bello naye aliuawa. Damu ile ilizaa damu nyingine, na mwaka 1967 nchi ikaingia katika vita vya Biafra vilivyodumu hadi 1970.

Balewa alizikwa Bauchi, na hakuacha utajiri wa kulingana na cheo chake. Tuwafundishe watoto wetu mambo yote mawili: ujasiri wake wa mwaka 1950, na kwamba haki hupimwa zaidi pale anayekosea anapokuwa rafiki. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe. Amin.