Fritz Pollard: Kwotabeki aliyefungua lango likafungwa nyuma yake

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mcheza kwao hutuzwa. Frederick Douglass Pollard, Mmarekani Mweusi aliyejulikana zaidi kwa jina la Fritz, alicheza kwao, akatwaa ubingwa kwao na akafundisha timu kwao. Hata hivyo, tuzo kubwa kuliko zote katika mchezo wake, yaani kuingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa Kimarekani wa kulipwa, ilimfikia mwaka 2005, ikiwa imepita miaka 19 tangu afariki dunia.

Historia yake inastahili kusimuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni historia ya mtu aliyekuwa wa kwanza katika mambo mengi. Pili, inathibitisha kwamba mlango uliofunguliwa na mtu mmoja unaweza kufungwa tena iwapo hakuna kanuni wala sheria ya kuulinda.

Pollard alizaliwa tarehe 27 Januari, 1894 katika kitongoji cha Rogers Park, jijini Chicago, akiwa mtoto wa saba kati ya wanane. Baba yake alikuwa kinyozi na mama yake mshonaji wa nguo. Wazazi hao walimpa jina la Frederick Douglass, mpigania uhuru mashuhuri aliyezaliwa utumwani na ambaye wakati huo alikuwa angali hai. Majirani wa kitongoji hicho, wengi wao wakiwa na asili ya Ujerumani, ndio waliomfupishia jina na kumwita Fritz.

Familia ya Pollard ilikuwa miongoni mwa familia chache sana za Weusi mahali hapo. Kijana huyo alijifunza mapema kwamba angetazamwa kwa jicho la peke yake kila aendapo, na kwamba hasira ya haraka ingempotezea zaidi kuliko kumfaidi. Umbo lake halikuwa la kutisha. Alipokomaa alikuwa na urefu wa sentimita 175 hivi na uzito wa kilo 75, kiwango kidogo kwa mchezo unaoruhusu wachezaji kugongana na kuangushana chini. Silaha yake ilikuwa kasi na uwezo wa kugeuka ghafla akiwa mbioni. Wapinzani walipozoea kumrukia hata baada ya kuanguka, alibuni namna ya kujikinga: alilala chali na kurusha miguu hewani kama mwendesha baiskeli, ili atakayemwangukia akutane na viatu vyake.

Mwaka 1915 alijiunga na timu ya Chuo Kikuu cha Brown, katika jimbo la Rhode Island. Ili kumudu gharama za maisha, alifanya kazi ya kupiga pasi nguo za wanafunzi wenzake. Tarehe 1 Januari, 1916, Brown ilisafiri hadi California kucheza na Washington State katika mchezo wa Rose Bowl. Mvua ilinyesha, uwanja ukageuka tope, na kasi ya Pollard haikufua dafu. Brown ilifungwa 14 kwa 0. Pamoja na kushindwa huko, siku hiyo aliingia katika kumbukumbu kuwa mchezaji wa kwanza Mweusi kushiriki mchezo huo.

Msimu uliofuata ulikuwa wake. Brown iliifunga Yale kwa 21 dhidi ya 6, kisha ikaishinda Harvard kwa 21 dhidi ya 0. Vyuo hivyo viwili vilikuwa vigogo wa mchezo huo kwa miaka mingi, na Pollard ndiye aliyeongoza mashambulizi katika ushindi wote miwili. Mwishoni mwa mwaka 1916 Walter Camp, aliyehesabiwa kuwa baba wa mpira wa Kimarekani, alimteua katika kikosi chake cha wachezaji bora wa taifa. Hakuna mchezaji Mweusi wa safu ya nyuma aliyekuwa amepata heshima hiyo kabla yake.

Ukweli unadai kusema pia kwamba umaarufu ulimlevya. Masomo yake yalizorota, akapoteza sifa ya kuichezea timu ya chuo na kuondoka kabla ya kuhitimu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alifanya kazi ya kuwahudumia askari katika kambi ya Meade, Maryland, kisha akafundisha mpira katika Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, kilichokuwa chuo cha wanafunzi Weusi.

Mwaka 1919 alianza kuchezea timu ya kulipwa ya Akron, mji wa viwanda vya matairi katika jimbo la Ohio. Mwaka uliofuata, wenye timu walikutana mjini Canton na kuunda chama ambacho kuanzia mwaka 1922 kimeitwa NFL, ligi ambayo leo ni miongoni mwa ligi tajiri kuliko zote duniani. Katika msimu wa kwanza wa mwaka 1920 Akron haikupoteza mchezo hata mmoja. Ilishinda michezo 8, ikatoka sare 3, na kwa msimu mzima iliruhusu pointi 7 tu. Ubingwa wa kwanza wa ligi hiyo ulikwenda Akron, na nyota wa timu hiyo alikuwa Fritz Pollard.

Ushindi huo haukumwondolea adha. Alivalia sare zake katika duka la sigara la mmoja wa wamiliki wa timu, kwa kuwa hakuruhusiwa kubadili nguo pamoja na wenzake. Watazamaji walimzomea, hoteli zilimkataa, na mikahawa iliyowapokea wachezaji wenzake ilimfungia mlango. Alicheza hivyo hivyo. Wachezaji waliosita kumpa mpira walijifunza kwamba bila yeye hawakupata ushindi, wala ujira uliotokana na viingilio.

Mwaka 1921 Akron ilimkabidhi jukumu la ukocha, akisaidiana na Elgie Tobin, huku akiendelea kucheza. Hivyo akawa kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika ligi hiyo. Katika miaka hiyo alicheza pia bega kwa bega na Paul Robeson, mwanasheria, mwimbaji na mwigizaji ambaye baadaye angejulikana duniani kote. Walikuwa pamoja Akron na kisha Milwaukee. Wasomaji wa Kiswahili watapendezwa kujua kwamba Robeson huyo, alipoishi London katika miaka ya 1930, alikuwa mwanafunzi wa lugha yetu.

Mwaka 1923, akiwa na timu ya Hammond kutoka jimbo la Indiana, Pollard alicheza nafasi ya kwotabeki. Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, kwotabeki ndiye mchezeshaji mkuu. Yeye husimama nyuma ya safu ya mbele, hupokea mpira, kisha huamua kwa kufumba na kufumbua ama kumkabidhi mwenzake, ama kuurusha mbali, ama kukimbia nao mwenyewe. Katika zama hizo ndiye aliyewatangazia wenzake mbinu itakayotumika. Ni nafasi ya amri. Kumweka Mweusi hapo, katika Marekani ya wakati huo, kulimaanisha kuwaamuru wachezaji Weupe wamtii mbele ya umati. Pollard anatambuliwa kuwa Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo katika NFL.

Alihitimisha maisha yake ya uchezaji katika ligi mwaka 1926, akiwa tena Akron. Baada yake waliendelea kuwapo wachezaji wachache Weusi, mmoja hapa na wawili pale. Kati ya mwaka 1920 na 1933 jumla yao ilikuwa 13 tu. Ulipoanza msimu wa mwaka 1934 hapakuwa na hata mmoja. Hakuna kanuni iliyoandikwa wala tangazo lililotolewa. Wenye timu waliacha tu kuwasajili. Hali hiyo ilidumu miaka 12, hadi mwaka 1946, Kenny Washington na Woody Strode waliposajiliwa Los Angeles.

Pollard hakukaa kimya. Mwaka 1928 aliunda timu ya Weusi watupu mjini Chicago, akaizungusha kucheza na timu za Weupe ili kuonyesha kwamba rangi mbili zinaweza kukutana uwanjani bila fujo. Mdororo mkuu wa uchumi uliimaliza timu hiyo, kama ulivyoimaliza kampuni yake ya uwekezaji. Kuanzia mwaka 1935 alifundisha Brown Bombers, timu ya Harlem, New York, iliyopewa jina la utani la bondia Joe Louis. Katika kipindi hicho aliendesha gazeti la Weusi jijini humo, na baadaye alikuwa wakala wa wasanii na mtayarishaji wa filamu. Mwanawe, Fritz Pollard mdogo, alitwaa medali ya shaba ya mbio za kuruka viunzi mita 110 katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936.

Heshima zilianza kumrudia polepole. Mwaka 1954 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa vyuo, na mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Brown, alichokiacha bila shahada, kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki tarehe 11 Mei, 1986 huko Silver Spring, Maryland, akiwa na umri wa miaka 92.

Kwa hiyo hakumwona Doug Williams, kwotabeki Mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa Super Bowl, Januari 1988. Wala hakumwona Art Shell akiteuliwa kuwa kocha mkuu mwaka 1989, Mweusi wa kwanza kupewa wadhifa huo tangu enzi za Pollard mwenyewe. Kati ya makocha hao wawili ilikuwa imepita zaidi ya miaka 60. Vijana wengi walioshangilia uteuzi wa Shell hawakujua kwamba njia hiyo iliwahi kupitwa.

Mwaka 2003 NFL ilipitisha kanuni inayozitaka timu kuwasaili watu wa jamii za wachache kabla ya kujaza nafasi ya kocha mkuu. Mwaka huo huo ulianzishwa umoja wa kutetea fursa sawa katika ukocha na uongozi wa timu, ukapewa jina la Fritz Pollard. Miaka miwili baadaye jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima mjini Canton, mji ule ule ambao ligi iliundiwa.

Mzee huyo alitangulia kufika, akatangulia kufundisha, na akatangulia kusahauliwa. Kilichobadilika baada ya 2003 si kwamba wamepatikana watu hodari kuliko yeye. Kilichobadilika ni kwamba haki aliyoipigania kwa miguu yake hatimaye iliwekwa katika maandishi.