Alikuwa na pumu, akawa bingwa wa tenisi

Wazazi wengi wenye mtoto mwenye pumu humkataza kucheza. Baba yake Suzanne Lenglen, aliyezaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1899, alifanya kinyume. Mtoto alikuwa dhaifu, kifua kikimsumbua, na mwaka 1910 baba akamnunulia raketi ili mwili upate nguvu. Alimfundisha kulenga mpira kwenye leso iliyotandazwa uwanjani. Mwaka 1914, akiwa na miaka 15 tu, Suzanne alishinda ubingwa wa dunia wa viwanja vya udongo.

Vita vilipokwisha alikwenda Wimbledon, Uingereza, akaushinda mwaka 1919 na kuendelea kuushinda hadi 1923. Mwaka 1920 alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Antwerp.

Lakini pumu haikuisha kwa sababu ya ubingwa. Mwaka 1921 alisafiri kwa meli hadi Marekani akiwa mgonjwa. Alipocheza na Molla Mallory alipoteza seti ya kwanza 2-6, na mwanzoni mwa ya pili akatoka uwanjani akikohoa na kulia. Watazamaji walimzomea, wakisema anajifanya. Kati ya 1919 na 1926 hiyo ndiyo mechi pekee ya mmoja mmoja aliyopoteza.

Maneno hayo tunayasikia hata leo: "anadeka", "mvivu huyo". Kubanwa kifua hakuonekani kwa macho. Mtoto akisema hawezi, mpumzishe, akae wima, avute dawa ya pampu kama alivyoelekezwa. Asipopata nafuu, mpeleke kituo cha afya haraka. Wakati wa Suzanne pampu kama zetu hazikuwepo. Yeye alizoea kunywa brandi kidogo katikati ya mechi. Usiige hilo, pombe si dawa ya kifua.

Mwaka 1924 ugonjwa wa manjano ulimtoa Wimbledon mashindano yakiendelea. Alipumzika, na mwaka 1925 akarudi na kushinda tena, akipoteza gemu tano tu katika mashindano yote. Mwaka uliofuata aliacha tenisi ya ridhaa akaanza kucheza kwa malipo, na baadaye akafundisha vijana mjini Paris. Alifariki huko Julai 1938, akiwa na miaka 39. Iliripotiwa kwamba alikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Uwanja mmoja wa Roland Garros unaitwa kwa jina lake.