Heike Kamerlingh Onnes: Mtaalamu Aliyetanguliza Kipimo

Somo la sayansi halitimii kwa chaki na ubao peke yake. Ndiyo maana twawasimulia wanachuo maisha ya Heike Kamerlingh Onnes, Mholanzi aliyezaliwa mjini Groningen mwaka 1853, akawa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1882.

Onnes aliamini kwamba maarifa huja kwa kupima, na kupima kwahitaji vyombo. Mwaka 1901 alianzisha shule ya mafundi wa vyombo vya sayansi. Vijana wakajifunza huku wakifanya kazi katika maabara yake. Kwa msaada wa mafundi hodari, tarehe 10 Julai 1908 aliigeuza gesi ya heliamu kuwa kiowevu, katika baridi ya nyuzi za sentigredi 269 chini ya sifuri. Hakuna aliyepata kufanya hivyo kabla yake.

Wakati huo wataalamu walihitilafiana: metali ikipozwa mno, umeme utapita kwa wepesi, au utakwama? Onnes alitazamia kwamba ukinzani ungepungua polepole. Mwezi Aprili 1911, pamoja na msaidizi wake Gilles Holst na fundi Gerrit Flim, alipoza zebaki, na ukinzani ukatoweka. Mwezi Mei walirudia kazi hiyo, wakaona kwamba hautoweki polepole bali kwa ghafla. Onnes aliliacha tazamio lake, akakifuata kipimo.

Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913, akafariki mwaka 1926. Hata hivyo hatufichi kasoro: taarifa za ugunduzi huo zilitolewa kwa jina lake peke yake, ilhali Holst ndiye aliyeshughulikia vipimo vya umeme.

Sababu ya ajabu hiyo ilielezwa mwaka 1957 na Bardeen, Cooper na Schrieffer wa Marekani. Lakini mwaka 1986 iligunduliwa jamii ya vitu vya kauri vyenye shaba, ambavyo maelezo hayo hayavitoshi. Leo wataalamu huiga kwa kompyuta mwendo wa elektroni zinazosukumana ndani yake, nao bado hawajaafikiana. Jawabu la kompyuta nalo hupelekwa maabarani likapimwe.

Nasi walimu tuna funzo hapa. Mwanafunzi akisoma kipimajoto na kuleta jibu tusilolitazamia, tusikimbilie kumtia alama ya kosa. Kwanza tupime tena pamoja naye. Na ikiwa amepata sawa, tulitaje jina lake mbele ya darasa.