Alois Alzheimer: Tabibu Aliyesikiliza Usahaulifu

Wahenga walilonga kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo hayafichwi na mgonjwa bali na jina yanayopewa. Kwa karne nyingi, kusahau kupita kiasi kuliitwa uzee, na uzee haukutafutiwa dawa. Miongoni mwa waliouvua ugonjwa huo vazi hilo ni tabibu Mjerumani ambaye leo jina lake hutamkwa kote duniani, ingawa wengi wanaolitamka hawamjui mwenyewe.

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 Juni 1864 katika mji mdogo wa Marktbreit, Bavaria. Alisomea udaktari Berlin, Tübingen na Würzburg, na mwaka 1887 akawasilisha tasnifu iliyochunguza tezi zinazotoa nta ya sikio. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kifafa mjini Frankfurt. Mkurugenzi wake, Emil Sioli, alikuwa akipinga desturi ya kuwafunga wagonjwa, akitaka wahudumiwe kwa utu. Mwaka 1889 alijiunga nao Franz Nissl, bingwa wa kutia rangi vipande vya ubongo ili seli zake zionekane kwenye hadubini. Urafiki wa wawili hao ulimjenga Alzheimer kitaaluma: mchana alikuwa wodini akizungumza na wagonjwa, na jioni maabarani akichunguza ubongo wa waliofariki.

Mwaka 1901 alifiwa na mkewe, Cecilie, akabaki mgane mwenye watoto watatu wadogo. Dada yake, Elisabeth, alikuja kuwalea, naye akazama katika kazi. Ni katika mwaka huo huo wa msiba, tarehe 25 Novemba, ambapo hospitali ilimpokea mwanamke aliyeitwa Auguste Deter. Alikuwa na umri wa miaka 51 tu, na kwa hivyo uzee haungeweza kutolewa kama sababu ya hali yake. Mumewe, karani wa reli, alikuwa ameona akijawa na wivu usio na msingi, akisahau mambo na kuvificha vitu ovyo nyumbani.

Alzheimer aliketi naye na kumhoji. Alipomwuliza jina la mumewe, Auguste alitaja jina lake mwenyewe. Alionyeshwa vitu vya kawaida, akavitambua, lakini baada ya muda mfupi akawa hakumbuki alichoonyeshwa. Alikula koliflawa na nyama ya nguruwe, akasema anakula mchicha. Alipotakiwa kuandika jina lake, alianza tu, kisha yaliyosalia yakampotea. Zaidi ya mara moja alilalamika kuwa amejipoteza. Tabibu huyo aliyaandika maswali na majibu kama yalivyotamkwa, makosa na vituo vyake vikiwemo. Hakuyasahihisha wala kuyafupisha, kwa kuwa aliona kwamba katika lugha iliyovunjika ndimo dalili zilimokuwa.

Mwaka 1903, baada ya kukaa Heidelberg kwa muda mfupi, alimfuata Profesa Emil Kraepelin mjini Munich. Hata akiwa huko aliendelea kuulizia hali ya mgonjwa wake. Auguste alipofariki tarehe 8 Aprili 1906, jalada lake pamoja na ubongo wake vilipelekwa Munich. Kwa kutumia mbinu ya kutia rangi kwa madini ya fedha, Alzheimer aliona mambo mawili: mabaka yaliyotapakaa kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Mabaka yalikuwa yameshawahi kuelezwa na wengine. Nyuzi zile zilikuwa jambo geni.

Tarehe 3 Novemba 1906 aliwasilisha matokeo hayo mbele ya wataalamu wenzake mjini Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali. Hata hivyo, alichapisha makala yake mwaka 1907, na mwaka 1910 Kraepelin akauita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake cha kufundishia. Mwaka 1912 aliteuliwa kuwa profesa mjini Breslau, ambao sasa ni Wrocław, Poland. Afya yake ilizorota, akafariki tarehe 19 Desemba 1915, akiwa na miaka 51, umri ule ule aliokuwa nao Auguste alipolazwa. Alizikwa Frankfurt, kando ya mkewe.

Aliyoyaona yamezaa utafiti mpana. Katika miaka ya 1980 ilibainika kuwa mabaka yale yana protini ya beta-amiloidi, na nyuzi zile protini ya tau. Aidha, wataalamu walichunguza athari za oksijeni. Ubongo, ambao ni takribani asilimia 2 ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake. Matumizi hayo huzalisha chembe kali ambazo, kinga ya mwili ikizidiwa, huharibu utando wa seli na protini, mithili ya kutu inavyokula chuma. Uharibifu huo umeonekana katika ubongo wa wagonjwa hawa, ingawa bado wataalamu wanajadili iwapo ni chanzo au ni matokeo. Vitamini E, ambayo hupunguza ukali wa chembe hizo, ilijaribiwa. Majaribio ya mwaka 1997 na 2014 yalionyesha kuwa ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa baadhi ya wagonjwa; la mwaka 2005, kwa watu walioanza tu kusahau, halikuonyesha kuwa iliuzuia ugonjwa. Dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi, lakini inaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu ubongoni. Hadi sasa hakuna dawa inayouponya.

Mwaka 1995 jalada la Auguste, lililodhaniwa kupotea, lilipatikana Frankfurt. Ndani yake kulikuwa na maswali ya tabibu, majibu ya mgonjwa, na jina ambalo mwenyewe alishindwa kulimaliza. Kurasa hizo zinathibitisha kuwa Alzheimer, kabla ya kuinamia hadubini, alikuwa ameketi kando ya mwanamke aliyekuwa akipoteza maneno, akamsikiliza.