Steve Jobs, mwasisi wa Apple aliyeitangazia Flash vita

Steve Jobs alipoaga dunia Oktoba 5, 2011, akiwa na umri wa miaka 56, mzozo wake na kampuni ya Adobe ulikuwa haujapata mshindi. Mwezi mmoja tu baadaye, Adobe ilitangaza kuwa ingeacha kuunda Flash kwa ajili ya vivinjari vya simu za mkononi. Saratani ya kongosho, aliyogunduliwa kuwa nayo 2003, ilimnyima fursa ya kuishuhudia siku hiyo.

Jobs alizaliwa Februari 24, 1955, mjini San Francisco, Marekani. Baba yake mzazi alikuwa mzawa wa Syria, lakini mtoto huyo alilelewa na Paul na Clara Jobs. Mnamo 1972 alijiunga na Chuo cha Reed, akaacha masomo baada ya muhula mmoja. Aprili 1976 yeye na Steve Wozniak, pamoja na Ronald Wayne aliyejiondoa baada ya siku chache, walianzisha Apple.

Wengi husahau kwamba Jobs na Adobe walianza wakiwa marafiki. Adobe iliasisiwa 1982 na John Warnock na Charles Geschke. Ingali changa, Apple ilinunua takriban asilimia 20 ya hisa zake, na ikaitumia lugha yake ya PostScript katika printa ya LaserWriter iliyotoka 1985. Mwaka uo huo Jobs aliondoka Apple baada ya kushindwa katika mvutano wa uongozi. Aliporejea 1997, urafiki ulikuwa umepoa. Walter Isaacson, aliyeandika wasifu wake, anasimulia kuwa 1999 Jobs aliiomba Adobe iandae programu ya kuhariri video kwa ajili ya tarakilishi za Apple, ikakataa. Kinyongo hicho hakikumtoka.

Flash haikuzaliwa Adobe. Macromedia iliinunua 1996, nayo Adobe ikainunua Macromedia 2005. Ilikuwa programu-jalizi: aliyetaka kutazama katuni au kucheza mchezo mtandaoni alilazimika kwanza kuipachika katika kivinjari chake. YouTube yenyewe, ilipoanza 2005, iliitegemea kuonyesha video.

Kwa hivyo watu walishangaa iPhone ilipotoka 2007 bila Flash, na wakalalamika zaidi iPad ilipofuata mkondo uo huo 2010. Aprili 29 mwaka huo, Jobs alijibu kwa barua ndefu ya wazi. Alidai kwamba Flash ilimaliza betri upesi, ilikuwa na kasoro za kiusalama, ilifanya tarakilishi kukwama, na iliundwa kwa ajili ya kipanya wala si kidole. Tena, alisema, ilikuwa mali ya kampuni moja, ilhali HTML5 ilikuwa wazi kwa wote. Hoja hiyo ya mwisho ilikuwa na kinaya, kwa kuwa Apple nayo ilijitwalia mamlaka ya kuamua ni programu zipi ziingie katika iPhone. Hata hivyo, kuhusu usalama na betri, Jobs hakukosea.

Vivinjari vilichukua muda kumfuata. Januari 2015 YouTube ilihamia HTML5. Mwaka uo huo Chrome ilifunga mlango kwa programu-jalizi za mfumo wa zamani, na Firefox ikafanya hivyo Machi 2017, ingawa zote mbili ziliisaza Flash kwa muda. Julai 2017 Adobe yenyewe ilitangaza kikomo: Desemba 31, 2020. Kuanzia Januari 12, 2021, programu hiyo ilikataa kuonyesha chochote.

Maelfu ya katuni na michezo iliyotengenezwa na vijana kwa miaka mingi ingepotea papo hapo. Novemba 2020, hifadhi ya Internet Archive ilianza kuikusanya, ikitumia programu iitwayo Ruffle inayoiga kazi ya Flash ndani ya kivinjari. Ruffle hufanya kazi hata katika iPhone.