Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba aliyekuwa sauti ya wanyonge

JINA la Siti binti Saad halikosi kutajwa kila yanapozungumzwa mambo ya taarab ya Kiswahili. Hata hivyo, wengi wanaolitaja hawajui kwamba silo jina alilopewa na wazazi wake.

Mwanamke huyo, ambaye sauti yake ilivuka bahari na kusikika katika mwambao mzima wa Afrika Mashariki, aliitwa Mtumwa. Kati ya jina hilo la kwanza na lile la pili ndimo yalimo maisha yake yote.

Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake, mzee Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake alikuwa na asili ya Uzigua. Wote wawili walitoka katika tabaka la watumwa.

Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa miaka saba tu kabla ya kuzaliwa kwake, mwaka 1873, katika utawala wa Sultani Barghash. Amri ya kuifuta hadhi ya utumwa kisheria haikutolewa mpaka mwaka 1897, wakati binti huyo akiwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Lakini msomaji atambue kwamba amri ya serikali ni jambo moja, na macho ya watu ni jambo jingine. Minyororo ilikatwa, ila dharau ilibaki. Aliyezaliwa na wazazi wa tabaka hilo aliendelea kuulizwa asili yake kila alipopita.

Mtumwa binti Saad hakupata bahati ya kusoma. Hakujua kuandika wala kusoma maandishi. Alichorithi kwa wazazi wake ni kazi ya mikono, yaani kufinyanga vyungu na kusuka ukili.

Vyungu hivyo havikuwa na faida vikikaa Fumba. Ilimlazimu avibebe kichwani, atembee mwendo mrefu hadi mjini na kuvitembeza nyumba kwa nyumba. Mchuuzi hana budi kuinadi bidhaa yake, naye aliinadi kwa kuimba.

Ndipo watu walipoanza kuitambua sauti yake. Wenye nyumba walijua kwamba binti wa vyungu amefika kabla hajabisha hodi. Sauti iliyokuwa chombo cha biashara ikaanza kuwa bidhaa yenyewe.

Mwaka 1911 aliamua kuhamia mjini. Haukuwa uamuzi mwepesi kwa mwanamke wa shamba mwenye umri wa miaka 31, asiye na elimu, mali wala jamaa wenye cheo. Hata hivyo, aliona kwamba maisha ya kufinyanga na kutembeza yasingemfikisha mbali.

Ili kuelewa alichokikuta huko, inafaa kurudi nyuma kidogo. Taarab iliingia Zanzibar kupitia kasri la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na ambaye alimpeleka Misri Mohamed Ibrahim akajifunze muziki huo. Mwaka 1905 ikaundwa klabu ya Ikhwani Safaa, iliyokuwa ya wanaume.

Muziki huo ulikuwa wa mabwana. Uliimbwa kwa Kiarabu, mbele ya wageni waheshimiwa, na wengi wa wakazi wa mji walikuwa wakiusikia kwa mbali bila kuyaelewa maneno yake.

Mjini, binti Saad alikutana na Ali Muhsin, mmoja wa wanamuziki wa Ikhwani Safaa. Bwana huyo aliposikia sauti yake hakuiacha ipotee. Alimfundisha uimbaji, na kisha akajulishwa kwa wanamuziki wengine. Miongoni mwa aliofanya nao kazi ni Subeti bin Ambari, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban.

Kundi hilo liliposhika udi, fidla na dumbak, na mwanamke yule wa Fumba akafungua kinywa, mji ulishangaa. Haikuwa desturi mwanamke kuongoza taarab mbele ya hadhara. Jambo kubwa zaidi ni kwamba aliimba kwa Kiswahili, ingawa Kiarabu na Kihindi navyo alikuja kuviimba.

Mialiko ikamiminika. Aliitwa katika arusi za matajiri, katika nyumba za Waarabu na za Wahindi, na hata katika kasri la Sultani Khalifa bin Haroub. Milango ile ile ambayo zamani alisimama nje akiuza chungu, sasa alikaribishwa ndani na kuwekewa kiti.

Ndipo watu walipomvisha jina la Siti, neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake bibi au mwanamke mwenye heshima. Aliyeitwa Mtumwa akawa Bibi, si kwa amri ya mfalme wala kwa ndoa ya tajiri, bali kwa kazi yake.

Mwaka 1928 ulikuja mwaliko uliozidi yote. Kampuni ya santuri yenye nembo ya His Master's Voice ilimsafirisha Siti na wenzake kwa meli hadi Bombay, mji wa India ambao leo unaitwa Mumbai, wakarekodi nyimbo zao huko. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo kabisa wa Afrika Mashariki ambao sauti zao ziliingizwa katika santuri na kuuzwa.

Wenye kampuni walikuwa wakifanya bahati nasibu, maana haikujulikana kama nyimbo za Kiswahili zingepata wanunuzi. Matokeo yaliwapita matarajio. Katika miaka michache ziliuzwa santuri makumi ya maelfu, kuanzia Zanzibar hadi Mombasa na Dar es Salaam, na kuingia bara.

Asiyekuwa na uwezo wa kununua santuri alikwenda mkahawani, akaagiza kahawa yake na kusikiliza. Watu ambao walizoea kuona kila chenye heshima kikija kwa lugha ya wengine, walisikia lugha yao wenyewe ikitoka katika mashine ile.

Penye mafanikio hapakosi husuda. Wapinzani walitunga maneno ya kumkejeli. Walimkumbusha vyungu vyake, miguu yake iliyotembea peku kutoka shamba, asili ya wazazi wake na hata sura yake, kwa kuwa Siti hakuhesabiwa kuwa mzuri wa uso.

Angeweza kunyamaza, au kujibu tusi kwa tusi. Alijibu kwa wimbo. Ndani yake alieleza kwamba uzuri wa sura na utukufu wa nasaba si hoja, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu hilo lilidumu kuliko kejeli zenyewe.

Lakini mtu akimkumbuka Siti kwa arusi na kasri peke yake, atakuwa amemjua nusu. Makazi yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikoishi wachukuzi, wavuvi, watumishi wa majumbani na wale waliotoka utumwani.

Jioni, watu walikusanyika kumsikiliza yeye na wenzake. Humo ndimo habari za mtaa zilimogeuzwa kuwa nyimbo: waume waliowapiga wake zao, wakubwa waliowadhulumu wasiojua kusoma, na hukumu za mahakama zilizowaacha watu vinywa wazi.

Wimbo wake uitwao Kijiti ni mfano mkubwa. Unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyefika Zanzibar na kuuawa kikatili. Mtuhumiwa alitorokea bara. Wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioishia kifungoni.

Mwanamke yule hakuwa na gazeti la kumsemea, na wale mashahidi hawakuwa na mahali pa kukata rufaa. Kilichobaki ni wimbo. Kumbukumbu za mahakama zilifungwa makabatini, lakini kisa hicho kiliendelea kusikika mikahawani, na jina la mtuhumiwa likabaki midomoni mwa watu.

Miaka ilipita, nguvu zikapungua. Kabla ya mauti yake alipata kuonana na mshairi Shaaban Robert, naye akamsimulia habari za maisha yake. Siti binti Saad alifariki dunia mwezi Julai mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 70.

Shaaban Robert hakuiacha amana ile ipotee. Wasifu aliouandika ulichapishwa mwaka 1958, na ni miongoni mwa wasifu za mwanzo za mwanamke katika fasihi ya Kiswahili. Mwanamke asiyejua kusoma akawa somo la waliokwenda shule.

Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, alianza kwa kumsikiliza Siti, akaziimba nyimbo zake mpaka alipofariki mwaka 2013. Nacho Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Uteuzi wa jina hilo haukuwa wa bure. Waandishi hao walitambua kwamba kazi ya kutangaza madhila ya wanawake ilikuwa imeanza zamani, kabla ya vyuo vya habari na kabla ya kompyuta, kwa mwanamke aliyekuwa na sauti peke yake.

Wazazi wake walimwita Mtumwa kwa kuwa hivyo ndivyo dunia ilivyowaona. Yeye hakuificha asili hiyo wala hakuiomba radhi. Aliichukua kama alivyochukua udongo wa Fumba, akaifinyanga, na chombo alichokitoa hakijavunjika mpaka leo.