Salum Abdallah, Mtu Aliyetaka Kwenda Kuba

Katika gazeti letu la muhula huu napenda kuwasimulia maisha ya Bwana Salum Abdallah wa Morogoro, mwanamuziki ambaye wazee wetu wanamkumbuka sana, lakini sisi vijana wengi hatumjui hata kwa jina. Habari zake nilizipata kwa babu yangu mzaa mama, anayekaa Tunduma, siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa karibu kufanya jambo la kijinga. Jambo hilo nitalieleza mwishoni.

Kwanza nieleze jinsi babu alivyopata santuri zake. Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia, iliyokuwa ikipitishia mafuta yake huko, ikabidi iyapate kwa njia ya Dar es Salaam. Malori yakawa yanapita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi kwetu Tunduma, mara katika vumbi, mara katika matope. Babu alikuwa utingo katika lori mojawapo. Kila walipolala Morogoro alinunua santuri moja, naye anazo hata leo ndani ya sanduku la mbao. Huzifuta vumbi kwa kitambaa laini, na mtu haruhusiwi kuzishika ila kwa ukingo.

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Wakati wa utoto wake zilikuwa zikiuzwa Afrika santuri zenye herufi G.V., zilizoanza kutolewa mwaka 1933, nazo zilikuwa na nyimbo za Kuba na nchi jirani zake. Maneno yalikuwa ya Kihispania ambayo watu hawakuyaelewa, lakini mapigo yake waliyaelewa mara moja, maana asili yake ni Afrika. Yalivushwa bahari na watumwa, na sasa yalikuwa yanarudi nyumbani. Kijana Salum alizipenda nyimbo hizo kupita kiasi. Hata akatoroka kwao, akaenda Mombasa akitumaini kupata meli ya kumfikisha Kuba.

Kuba hakufika. Safari iliishia Mombasa, na baadaye akarudi Morogoro. Nadhani wako waliomcheka. Lakini yeye hakukaa kulia. Mwaka 1948 alianzisha kikundi cha muziki pamoja na ndugu zake, wakakiita La Paloma, yaani njiwa, jina la wimbo uliokuwa maarufu duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikundi hicho kikazaa Cuban Marimba Band, na jina hilo likaenea Afrika Mashariki nzima. Watu walimwita SAY, kwa herufi za majina yake matatu, Salum Abdallah Yazidu.

Jambo la kustaajabisha ni hili: nyimbo zake nyingi zilitolewa katika santuri za Mzuri, na Mzuri ilikuwa kampuni ya Mombasa. Mji ule ule uliomzuia kwenda Kuba ndio uliokuja kuipeleka sauti yake mbali. Aliimba kwa Kiswahili, juu ya mapenzi, juu ya mambo ya nyumbani, na juu ya nchi yetu ilipopata uhuru wake. Wimbo wake Ngoma Iko Huku unapendwa na wakusanyaji wa santuri mpaka Ulaya, na mwaka 2000 nyimbo zake zilitolewa upya huko chini ya jina hilo hilo.

Morogoro ilikuwa na bendi nyingine kubwa, Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944. Hizi mbili zilishindana vikali, na mji uligawanyika kama watu wanavyogawanyika leo kwa Simba na Yanga. Katika miaka ya 1960 akaingia Morogoro Jazz kijana aitwaye Mbaraka Mwinshehe, fundi wa gitaa. Babu hupenda kuwalinganisha. Humpigia mgeni santuri ya Salum, kisha ya Mbaraka. Katika ya Salum sauti ya mwimbaji hutangulia, na vyombo humfuata taratibu kama watoto wanaomfuata mama yao. Wimbo ni mfupi na huisha upande mmoja. Katika ya Mbaraka gitaa huimba kama mtu wa pili, na mara nyingi yakupasa kuigeuza santuri upande wa pili ili umalize utamu.

Mwalimu wetu mmoja alituambia kwamba Marekani nako wapenzi wa jazi hubishana hivyo hivyo juu ya wapiga saksafoni wawili, Coleman Hawkins mwenye sauti nene na Lester Young mwenye sauti laini. Mwaka 1934 Young aliingia bendi ya Fletcher Henderson mahali pa Hawkins, akatakiwa apige kama yule aliyemtangulia. Hakukubali, akaondoka, na baadaye akasifiwa kwa sauti yake mwenyewe. Naona ndivyo ilivyokuwa kwa Salum. Alianza kwa kuiga Kuba, lakini kilichobaki ni Morogoro.

Salum alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari, umri wake miaka 37 hivi. Juma Kilaza akaiongoza bendi baada yake. Mbaraka naye alifariki kwa ajali ya gari, huko Mombasa, Januari 1979. Sisi wa Tunduma, tunaoona malori yamejipanga kila siku, tusiipuuze habari hii.

Sasa nitimize ahadi yangu. Likizo iliyopita niliazimia kutorudi shuleni. Wenzangu walikuwa wakivusha bidhaa kwenda Nakonde na kupata fedha kila siku, nami nilikwisha kupatana na dereva mmoja anichukue mpaka Lubumbashi. Babu alipogundua mfuko wangu chini ya kitanda hakunigombeza. Aliweka santuri ya Salum, akanisimulia haya yote, kisha akaenda kulala. Nilibaki na ile santuri ikizunguka bila sauti.

Sisemi kwamba kusafiri ni kubaya. Pengine Salum asingekuwa Salum kama asingeiona Mombasa. Lakini kazi yake aliifanya aliporudi. Nilirudi shuleni siku ya kufungua, na Novemba nitafanya mtihani pamoja na wenzangu. Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Babu ameniahidi kwamba nikifaulu atanipa santuri moja, nichague mwenyewe. Nimekwisha kuichagua.